Ricoh GR IV mkononi, hapa Tanga: mrejesho kwa walioulizia

Mkonge Mweupe (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Wapo walioniomba mrejesho wa kamera ya Ricoh GR IV kutoka kwa mtu aliye nayo, siyo wa kutazama video za watu. Yangu kaileta ndugu aliyetoka Dubai. Nimezunguka nayo Ngamiani, soko la Mgandini, soko la samaki la Deep Sea, na Tongoni kule njia ya Pangani. Riziki yangu ni harusi na shughuli, kamera kubwa ninayo, kwa hiyo hii sikuinunua inilishe. Msome mkilijua hilo.

Kwa wasioijua: GR ya kwanza ilikuwa ya filamu, mwaka 1996. Ikaja ya dijitali 2005, ikapewa sensa (kile kibamba kinachonasa mwanga) ya ukubwa uitwao APS-C 2013. GR III ilitoka 2019, na hii ya nne iliingia madukani Septemba 2025, kwa bei ya Marekani ya takribani dola 1,500. Lenzi ni moja, haichomoki na haina zumu: milimita 18.3, f/2.8, ambayo kwa hesabu ya kamera za filamu ni sawa na milimita 28. Megapikseli 25.7 hivi. Uzito gramu 262, betri na kadi zikiwemo. Ukiitia mfuko wa kanzu, kanzu hailali upande.

Kinachoibeba kamera hii ni Snap. Kamera nyingi ukibonyeza huanza kutafuta fokasi, ndipo zipige. Hii unaiambia mapema: fokasi yangu iko mita 2.5. Ukikandamiza kitufe moja kwa moja mpaka chini, haitafuti kitu, inapiga. Na kwa kuwa lenzi ni fupi, ukifunga apacha (tundu la mwanga la lenzi, namba ikipanda linabanwa) mpaka f/8 kila kitu kuanzia mita 1.2 hivi hadi mbali kabisa kinakuwa safi vya kutosha. Jua letu la saa tano asubuhi linakupa f/8, ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na shata ya sekunde 1/400 bila kuhangaika. Mwenye baskeli anachomoza Barabara ya Nane, unanyanyua mkono, umeshampata. Snap ilikuwepo tangu zamani, ila safari hii wameipa nafasi yake kwenye gurudumu la juu, imeandikwa Sn. Ukiongeza kwamba inawaka kwa sekunde 0.6, picha ambazo nilikuwa naziona zikipita sasa nazipata.

La pili ni udogo. Deep Sea asubuhi, mnada umechangamka, ukitoa kamera kubwa dalali anabadilika. Wengine wanajipanga, wengine wanakudai hela, wengine wanakupa mgongo. Nikitoa hii wanadhani ni kamera ya kuchezea. Jodari anaendelea kunadiwa na bei inaendelea kupanda.

La tatu nilitaka kulipima kwa makusudi: mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, saa sita mchana, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Mita ya kamera ikiona weupe umejaa inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unabaki giza. Kwa buibui inafanya kinyume, inaongeza mpaka ukuta unaungua. Humu kuna kipimo kinacholinda sehemu nyeupe. Nakitumia, napiga faili ghafi ya DNG, halafu nauinua uso kwenye kompyuta. Sensa inavumilia sana, chenga (vile vidoadoa vya picha) zinachelewa kutokea. Wameongeza pia rangi mbili za sinema, ya manjano na ya kijani. Ya manjano inazipendeza kuta za zamani za mjini. Ya kijani kwa ngozi zetu siitaki, inatuonyesha kama tunaumwa.

Ubaya upo. Haina kitundu cha kuchungulia, na skrini haiinuki wala haigeuki. Mchana ufukweni Raskazone unapiga kwa kukisia. Haina flashi ndani. Video mwisho ni 1080p, fremu 60, 4K hakuna. Betri kwa kipimo cha kiwanda ni picha 250 hivi, kwa hiyo ya pili ni lazima. Na haijazibwa dhidi ya maji wala vumbi, jambo ambalo kwa mji wa chumvi si dogo.

Karibuni kwa maswali.

Baharia wa Sahare

Uzi wa kamera bila picha hata moja? Mkuu umetuonea.

Mkonge Mweupe

Haha, bwana Baharia. Za magofu na baskeli nitaweka nikipata bando. Zenye sura za watu siweki humu mpaka wenyewe wakubali.

Ngoja Wajuzi

Dola 1,500 ukizidisha kwa shilingi, weka usafiri, weka VAT asilimia 18, umepita milioni 4. Hiyo ni bodaboda mpya na chenji. Kwa kamera isiyo na zumu? Simu yangu ina megapikseli 200 na zumu mpaka mwezini.

Fundi Vioo

@Ngoja Wajuzi megapikseli siyo ukubwa wa sensa. Sensa ya APS-C ni kama milimita 23 kwa 15.5. Zile simu za bei kali zinazojisifu kuwa na sensa ya inchi moja, yao ni milimita 13.2 kwa 8.8. Piga eneo, ya GR ni mara tatu. Na simu nyingi hazifiki hata hiyo inchi moja. Simu inafidia kwa kupiga fremu nyingi na kuziunganisha, halafu programu inaamua ngozi iwe vipi. Usiku wa shughuli, chini ya taa moja ya uani, ndipo utakapoona tofauti.

Ngoja Wajuzi

Sawa fundi, lakini mteja anaangalia picha kwenye simu hiyo hiyo, tena WhatsApp imeshaibana. Hiyo mara tatu anaionea wapi?

Mkonge Mweupe

Hapo umenena, na kwa mteja wa WhatsApp siwezi kukubishia. Mimi nachapa. Inchi 12 kwa 18 ukutani, hapo nywele na ushanga wa kilemba vinaonekana au havionekani.

Mzee wa Chumba cha Giza

Vijana, hamjambo.

Mkonge Mweupe

Hatujambo mzee wetu, shikamoo.

Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba. Nimekuwa na studio tangu enzi za filamu za rola, tunachapa picha wenyewe kwa taa nyekundu. Lenzi moja si jambo la ajabu, sisi ndivyo tulivyofanya kazi. Ukikaa na lenzi moja miguu yako inajua pa kusimama kabla jicho halijaingia kwenye kamera. Hilo nampa Mkonge.

Ila nataka niwatahadharishe juu ya lenzi ya milimita 28. Ni pana. Kwa mnada, kwa mtaa, kwa ukumbi wa maulidi uliojaa, ni nzuri mno. Kwa uso wa mtu siyo. Ukitaka uso ujaze fremu lazima usogee karibu, na ukisogea karibu pua inakuja mbele, masikio yanarudi nyuma. Bi harusi hatakusamehe, na mama yake ndiyo kabisa. Ricoh wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana mwaka 2021 walitoa GR IIIx yenye lenzi ya milimita 26.1, sawa na 40. Anayependa watu zaidi ya mitaa aitazame hiyo, hata ikiwa ya mtumba.

Halafu flashi. GR II ilikuwa nayo ndani, ya tatu wakaiondoa, ya nne hawakuirudisha. Unanunua pembeni na kuichomeka juu. Kamera inayokaa mfukoni ukiichomekea kitu juu haikai tena mfukoni.

Mkonge Mweupe

Mzee, nakubali kuhusu nyuso. Kuna njia ya kukata ndani ya kamera, unachagua milimita 35 au 50, ila ni kupunguza tu: kwa 35 unabaki na megapikseli takribani 16, kwa 50 takribani 8. Na pua haipungui kwa kukata, inapungua kwa kurudi nyuma hatua mbili kisha ndiyo ukate.

Mzee wa Chumba cha Giza

Hapo sasa. Umbali ndio unaotengeneza uso, siyo lenzi. Waambie na wenzio.

Binti Chumbageni

Kaka Mkonge, nimesoma mwanzo mpaka mwisho na kuna jambo linanikera. Unaisifu kamera kwa kuwa watu hawaitambui. Halafu unasema picha zao huweki humu mpaka wakubali. Kwa hiyo kupigwa wanapigwa bila kuulizwa, wanaulizwa baadaye? Mama aliyekaa barazani kwake kajifunga kanga, anachambua mchicha, hayuko barabarani yule. Baraza ni nyumbani. Kamera kubwa angalau inajitangaza, mtu anajifunika au anakufukuza. Hii yako haimpi nafasi hiyo.

Baharia wa Sahare

Dada kaja na nyundo.

Mkonge Mweupe

Swali la haki. Naeleza ninavyofanya. Mnadani na sokoni napiga kwanza, kwa sababu nikiuliza kwanza kinachobaki ni watu wamesimama wananitazama. Kisha namfuata niliyempiga, namuonyesha kwenye skrini, akisema futa nafuta mbele yake. Barazani sipigi bila salamu. Hodi, habari za asubuhi, mazungumzo, ndipo kamera itoke. Wengi wanasema piga, na wanauliza nitapata lini yangu. Nachapa ndogo nawarudishia. Bandarini na sehemu za vyombo vya dola kamera inabaki mfukoni, na hilo ni kwa kamera yoyote.

Binti Chumbageni

Mnadani bado sijaridhika. Wa kufuatwa na kuonyeshwa ni yule unayemuona. Waliopo nyuma yake kwenye fremu hukuwafuata. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, ile ya 2022. Sura ya mtu anayetambulika siyo kitu cha kuokota. Ukianza kuuza hizo picha au kuzitumia kwenye matangazo yako ya biashara, tafuta ridhaa iliyoandikwa na kusainiwa. Sisemi usipige. Nasema usijisifu kwamba hatukuoni.

Mkonge Mweupe

Dada, kwa ya kuuza fomu ninayo, ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Kwa waliopo nyuma ya fremu sina jibu zuri.

Dunda Mwambao

Salaam kutoka Bagamoyo. Mimi ninayo Fujifilm X100VI, nimeona niweke mzani kwa sababu wengi wanazishindanisha. Yangu ilitangazwa Februari 2024 kwa dola 1,599. Megapikseli 40.2, lenzi ya milimita 23, f/2, sawa na 35. Ina kitundu cha kuchungulia cha aina mbili, ukitaka kioo unaona kwa macho hivi hivi, ukitaka cha umeme unabadili kwa wenzo wa mbele. Flashi ndogo ndani. Skrini inainuka. Uzito gramu 521, yaani karibu GR mbili.

Kwa kazi zangu za TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, ngoma jukwaani, kitundu cha kuchungulia sikiachi. Jukwaa lina taa kali na giza totoro pembeni, ukipiga kwa skrini nawe umekaa gizani unawaka uso mzima na watu wa nyuma wanalalamika. Kule Kaole mchana nako, magofu ya matumbawe na jua juu ya kichwa, naweka jicho kwenye kitundu naona fremu vizuri. Na ufukweni pale wanapokokota mashua na ngalawa, X100VI ukiifunga pete yake na filta ya milimita 49 inapata kinga ya maji na vumbi. Pete na filta vinauzwa pembeni lakini, tusidanganyane.

Tatizo lake: haiingii mfukoni. Naibeba shingoni, na kila mtalii anasimama kuniuliza ni ya mwaka gani. Inavutia mno. Kwa anachokitaka Mkonge, kupita bila kutazamwa, haifai.

Mkonge Mweupe

Asante sana ndugu wa Bagamoyo. Kitundu nakionea wivu, sikufichi.

Fundi Vioo

Naomba mnisikilize hapa kwenye chumvi, maana ndiko kamera za pwani zinakofia.

Lenzi ya GR inatoka ukiwasha na inarudi ndani ukizima. Kila ikirudi inaingia na kilichoganda kwenye shingo yake. Ukiwa ufukweni na upepo wa kusi unarusha mchanga, usizime kwanza. Geuza kamera ielekee chini, puliza kwa pampu ndogo ya mpira, pitisha brashi laini kuzunguka shingo, ndipo uzime. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika.

Kwa nini nasisitiza? Kamera ya kubadili lenzi, vumbi likikaa kwenye sensa unafungua na kusafisha. Ya lenzi iliyofungwa huwezi kuifikia sensa mpaka mwili ufunguliwe kwa bisibisi. Malalamiko ya vumbi ndani ya sensa ni ya miaka mingi kwa wamiliki wa kamera ndogo za aina hii, na hii ina utaratibu wa kuitikisa sensa kuliangusha, lakini vumbi lililoshikwa na unyevu wa chumvi haliitikii mtikiso.

Chumvi iliyokauka kwenye kioo cha mbele usiisugue na kitambaa kikavu, unachora. Kitambaa kilicholowa maji safi kidogo sana, gusa, acha iyeyuke, kisha kikavu.

Na lingine: mnatoka chumba chenye kiyoyozi mnaingia joto la nje, lenzi inafuka ukungu. Ukungu huo uko ndani pia. Kabla ya kutoka itie kwenye mfuko wa nailoni, funga, acha ipate joto la nje ikiwa ndani ya mfuko kwanza.

Baharia wa Sahare

Mimi naweka kwenye ndoo ya mchele.

Fundi Vioo

Mchele upike. Una unga unga wa wanga, unaingia kwenye viungo vya lenzi na kuganda. Tumia vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na mabegi, kusanya vingi, weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri. Yale yenye rangi yakibadilika ujue yamejaa unyevu, yaanike kwenye joto dogo la oveni yarudi kazini.

Ngoja Wajuzi

Nakazia ya mchele. Swali: mapango ya Amboni mle ndani bila flashi inawezekana? Nina wageni wanakuja.

Mkonge Mweupe

Inawezekana, kwa miamba. Stabilaiza yake ni ya mihimili mitano, wanasema hatua 6, kila hatua ikiongeza muda wa kushika mara mbili. GR III ilikuwa mihimili mitatu na hatua 4. Kwa nadharia, pale ambapo ungehitaji shata ya sekunde 1/30 unaweza kushika mpaka kama sekunde mbili. Kwa mkono wangu nusu sekunde ni salama nikiegemea ukuta, sekunde nzima ni bahati. Tochi ya muongozaji ikimulika dari pembeni, siyo moja kwa moja kwenye mwamba unaoupiga, unapata umbo zuri.

Ila stabilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi mgeni. Mgeni akigeuka katika hiyo nusu sekunde anakuwa moshi. Kwa watu panda ISO 6400, fungua f/2.8, waambie wasimame tuli. Popo waache.

Na usisahau kwamba Snap yangu ya f/8 mle haipo. Kwa f/2.8 ukiweka mita 2.5, kinachokuwa safi ni kuanzia mita 1.8 hadi 4.1 hivi, basi. Mle tumia fokasi ya kawaida, japo gizani nayo inasitasita.

Mzee wa Chumba cha Giza

Huyu kijana anapiga hesabu, nimefurahi. Siku hizi hawapigi.

Binti Chumbageni

Mkonge, nilikukaba lakini kamera imenivutia. Mimi napiga vyakula, mama ana mgahawa na tunaweka menyu mtandaoni. Vitumbua, mkate wa sinia, samaki wa kupaka. Inasogea karibu kiasi gani?

Mkonge Mweupe

Kwa makro, yaani picha za karibu sana, inashika kuanzia sentimita 6 hadi 15. Kitumbua kimoja kinajaza fremu. Angalia tu kamera isijitilie kivuli chake yenyewe, kwa sentimita 6 inafunika mwanga, kwa hiyo panga dirisha liwe ubavuni. Kwa sinia zima la mkate ukipigia kwa juu, 28 inakupa sinia na meza na miguu yako, itabidi ukate. Na mvuke wa mchuzi usiufikishe kwenye lenzi, Fundi atatufokea wote.

Lakini kwa kweli kama ni menyu tu, simu na dirisha zuri vinatosha. Milioni 4 nunueni friji la pili.

Ngoja Wajuzi

Hatimaye mtu kakubaliana na mimi.

Binti Chumbageni

Friji tunalo. Nataka kuijaribu kabla sijaamua. Jumamosi upo Mgandini?

Mkonge Mweupe

Nipo, kuanzia saa moja asubuhi upande wa wauza nazi. Njoo na kadi yako uondoke na picha zako, ila iwe microSD, ile kubwa ya SD waliyotumia GR III humu haiingii. Ukisahau siyo neno, ndani ina hifadhi yake ya GB 53, nitakutumia baadaye.

Baharia wa Sahare

Na mimi nakuja. Picha yangu ruksa kuweka humu, nipigwe na jodari.